Uliza Fundi: Skatingi, mikanda ya dari na fremu kwenye nyumba ya kisasa

Barua za mwezi huu zimekuja kama zimeagana. Skatingi (ule ukanda wa chini ya ukuta), mikanda, fremu, mbao za ukutani. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu aliyeiandika bado hajapiga lipu ya ndani, na mtu ambaye hajapiga lipu bado ana kitu cha kuokoa. Wengine mtanisamehe.

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi na mume wangu tunajenga Kigamboni, nyumba ya vyumba vitatu yenye paa la kuficha, lile linalojificha nyuma ya ukuta wa juu. Lipu ya nje imekwisha, ya ndani inaanza mwezi ujao. Nina picha kwenye simu: ukuta unashuka mpaka kwenye marumaru hauna kitu, darini hakuna mkanda, milango imekaa kama imechorwa ukutani. Fundi wetu amezitazama akacheka, akasema hizo ni picha za kompyuta. Yeye anataka skatingi ya sentimita 15 na mikanda ya jipsamu yenye maua. Mume wangu anataka mninga kila mahali, kwao mninga ndiyo heshima ya nyumba. Mimi nataka nyumba tulivu tu. Nani nimsikilize? – Mama wa wawili, Kigamboni

JIBU: Marahaba, mama. Fundi wako amekosea kucheka, ila kicheko chake kina hofu ndani yake, na hofu hiyo ni ya kweli.

Mwaka 1991 nilipoingia Keko, mtaa wa maseremala Dar es Salaam, kujifunza useremala, mwalimu wangu alikuwa na jina moja kwa vitu vyote hivi vinavyokusumbua: vificho. Skatingi kificho, mkanda wa dari kificho, ubao unaozunguka fremu ya mlango kificho. Alikuwa akisema kila mahali kazi ya fundi mmoja inapokutana na kazi ya mwenzake pana aibu, na seremala huitwa mwisho kuja kuwasitiri wote. Fundi lipu hakufika chini kabisa. Fundi marumaru kipande chake cha mwisho kimekaa upande. Fundi dari ubao wake umeishia inchi moja kabla ya ukuta. Seremala anapita na vipande vyake, mwenye nyumba anahamia, anafurahi, hajui kitu. Skatingi nene na pana inafunika makosa mengi, mama. Ndiyo maana fundi wako anaipenda.

Picha zako zimevua nguo hiyo. Kazi iliyokuwa ya mbao imerudi kwa mwenye mwiko, basi usidhani kwamba ukiacha mikanda umebakiza pesa. Pesa ile mpe fundi lipu, na ukiweza mlipe kwa siku badala ya kwa mita za mraba. Anayelipwa kwa mita hukimbia, na ukuta uliopigwa mbio utakuonyesha mbio zake kila taa ikiwaka.

Mjaribu kwa chumba kimoja kwanza, kile kidogo. Kikikauka, nenda usiku na tochi ya simu, uilaze kwenye ukuta ili mwanga utambae kando kando. Usiupige usoni, ukuta wowote ukipigwa mwanga usoni ni mzuri. Ukitambaliwa, mabonde yatatokea kama bahari ya pale Feri wakati wa upepo. Kisha weka rula ya alminiamu ya mita 2, wima, halafu chini sambamba na sakafu, pale ambapo skatingi ingekaa. Mwanya ukizidi milimita 3 chini ya rula, ukuta huo haufai kuachwa wazi, urudiwe au ufunikwe. Chumba kidogo kikifaulu, endelea na nyumba. Kikishindwa umepoteza chumba kimoja, na umejua fundi uliye naye.

Tuje sakafuni, maana hapo ndipo mimi na picha zako tunapoachana. Waliopiga picha zile wanafuta sakafu kwa kitambaa chenye unyevunyevu. Sisi tunadeki. Ndoo, dekio, maji yanasukumwa kutoka sebuleni mpaka barazani, na kila dekio likifika mwisho wa safari linagonga ukuta. Ukuta wako mweupe ulioshuka mtupu hadi kwenye marumaru utakuwa na mstari wa kahawia kabla ya Idi ya kwanza. Skatingi haikubuniwa kuficha tu. Ipo kwa ajili ya dekio, ufagio na miguu ya viti. Kwa hiyo usiiondoe, izamishe.

Nieleze inavyofanyika. Lipu ya kawaida ni kama milimita 15. Fundi akifika sentimita 10 juu ya sakafu iliyokamilika, anasimama. Chini ya hapo anaacha tofali lilivyo. Baadaye fundi marumaru anabandika pale vipande vya marumaru ile ile ya sakafuni. Marumaru yenyewe milimita 9, gundi milimita 5 au 6, vinakutana na uso wa lipu. Ukipitisha kiganja kutoka ukutani kushuka chini, hakikwami. Hakuna ukingo wa kukusanya vumbi, na kabati linaegemea ukuta mpaka chini bila kuacha nafasi ya mende kufanyia mkutano.

Siri iko kwenye maneno "sakafu iliyokamilika". Siku fundi lipu anapofanya kazi, sakafu hiyo haipo. Pana zege tu, na juu yake kutakuja kusawazisha, gundi na marumaru. Kwa hiyo kabla mwiko haujagusa ukuta wa ndani, mafundi wapitishe mpira wa maji wa kupimia usawa nyumba nzima, waweke alama mita moja kamili juu ya usawa wa marumaru itakayokuja, kila kona, kila mlango. Kila fundi apime kutoka kwenye alama ile, asipime kutoka chini. Nimeona nyumba ambapo kila mmoja alipima kutoka kwenye zege: skatingi sebuleni ilianza na sentimita 10 ikaishia 8 upande wa pili, na ukuta ukiwa mtupu jicho linaona tofauti hiyo tangu mlangoni.

Hesabu yake si kubwa. Marumaru ya sentimita 60 kwa 60 ukiikata vipande sita, jiwe la mashine likila milimita 3 kila mkato, unapata vipande vya sentimita 9.7, jumla mita 3.6 kwa marumaru moja. Sebule ya mita 5 kwa 4 ina mzingo wa mita 18; ondoa mlango wa mbele na uwazi wa kuelekea jikoni, tuseme inabaki 15 na kitu. Marumaru tano, na ya sita ya kuvunjika. Boksi lenye nne nne, nunua mawili, na yawe na namba ya uzalishaji ile ile ya marumaru za sakafuni, la sivyo rangi itapishana. Kumbuka pia kwamba katika vipande sita ni viwili tu vya pembeni vyenye ukingo wa kiwandani. Vinne vya katikati vimekatwa pande zote, vina meno. Ama vinolewe kwa mashine mpaka vilainike, ama juu yake upite mkanda mwembamba wa alminiamu unaotoka pamoja na lipu. Mimi napenda alminiamu. Inatoa mstari mmoja mwembamba nyumba nzima, na utulivu unaoutafuta uko hapo hapo.

Utaambiwa ununue MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, kwa kuwa ni nafuu na imenyooka kuliko mbao yoyote. Imenyooka, kweli. Mwaka 2014 nilifunga skatingi za MDF kwenye nyumba moja Mbezi, nyeupe, pembe zimekaa sawasawa, hata mimi nilipiga picha. Masika yaliyofuata mwenye nyumba akaniita. Zilikuwa zimevimba chini kama maandazi, rangi imepasuka. Hakukuwa na mvua iliyoingia ndani. Lilikuwa dekio la kila asubuhi. Nilizing'oa kwa gharama yangu, mita 70 na zaidi. Ipo MDF iliyotiwa rangi ya kijani ndani, hiyo huvumilia unyevu wa hewa. Haivumilii ndoo. Chumbani, ambako mnafagia zaidi ya kudeki, ungeweza. Lakini kwa nini nyumba moja iwe na skatingi mbili?

Darini ni rahisi zaidi kuliko fundi wako anavyodhani. Mkanda wa jipsamu unafunika mahali ubao wa dari unapokutana na ukuta, kwa sababu hapo ndipo panapopasuka: blandaringi, zile fito zinazoshika dari, ni mbao, inacheza na unyevu wa hewa, ukuta hauchezi. Badala ya kuufunika ufa, uandalie nafasi. Ubao wa jipsamu uishie milimita 10 au 15 kabla ya ukuta, ukingo wake ufungwe kipande cha chuma cha kona, na mwanya ule uachwe wazi pande zote nne. Jicho linauona kama mstari wa kivuli, dari inaonekana kama inaelea. Ufa ukitokea utakuwa ndani ya kivuli, hakuna atakayeuona. Mjusi kafiri naye ataushukuru mwanya huo, siwezi kukudanganya, na utando wa buibui utataka ufagio wa mwezi kwa mwezi. Kama hilo linakukera, chukua mkanda ulionyooka wa sentimita 5, usio na maua, upake rangi ile ile ya dari. Nao ni mtulivu.

Neno moja kuhusu paa lako la kuficha kabla dari haijafungwa. Mfereji wa ndani ya ukuta wa juu ndio mahali nyumba hizi zinapovuja. Ngoja mvua moja nzito ipite, au panda na ndoo ishirini za maji uzimwage pale, kisha kaa chini uangalie. Dari isiyo na mkanda haina pa kuficha doa.

Milango. Hapa ndipo pa kumpa mumeo mninga wake, na aupate wa kweli. Mninga haupindi hovyo, mchwa hawaupendi, na mlango ni kitu cha kushikwa kila siku. Sakafuni kwenye maji, mninga ni anasa inayoozesha heshima, mlangoni unastahili. Ila miimo ya fremu muiagize kwa upana wa ukuta uliokamilika. Tofali la inchi 6 ni milimita 150, lipu 15 huku na 15 huku, jumla 180. Fremu ya kawaida sokoni ni mbao ya 2 kwa 6, haifiki, ndiyo maana watu hulazimika kuizungushia ubao wa kuziba. Agiza ya inchi 7. Fundi lipu anapofika kwenye mwimo, aweke fito ya milimita 10 kati ya lipu na mbao, na lipu ikishika aing'oe. Utabaki mfereji mwembamba kuzunguka mlango, ndugu yake yule wa darini. Mbao itavimba vuli na kusinyaa kiangazi, ufa utaingia mferejini, na wewe utalala.

Ile milango isiyo na fremu kabisa inawezekana, kwa fremu ya chuma inayozikwa ndani ya lipu. Mimi nisingeifanya. Kona yake ni lipu tupu, na wewe una watoto wawili, wana baiskeli au watakuwa nazo.

Fundi akisema tena kwamba mambo haya si ya huku kwetu, mpeleke Kariakoo. Soko lile lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania, likajengwa miaka ya 1970. Nguzo za zege zinapanuka juu kama miavuli, na hakuna aliyeona haja ya kubandika ua.

SWALI: Mzee wangu, mimi ni mwalimu Muheza. Nimepata mbao za mtiki kwa jirani aliyevuna miti yake, nikatengeneza skatingi mwenyewe kwa ajili ya sebule na chumba changu, sakafu ni ya saruji iliyong'arishwa. Nilikata kona zote digrii 45 kama nilivyoona kwenye video. Miezi mitatu baadaye kona zimeachana, unaweza kupitisha karatasi, na kwenye vipande vyeupe vyeupe naona vumbi la wadudu. Kosa langu nini? – Mwalimu, Muheza

JIBU: Mwalimu, mna bahati ya kuishi jirani na Longuza, mtiki mnauona kama sisi tunavyouona mnazi, na bahati hiyo ndiyo inayowaharakisha. Makosa yako ni matatu na yote yanatibika.

La kwanza, mbao ilikuwa mbichi. Haijalishi ilikaa nje ya nyumba ya jirani muda gani. Mbao lazima ikae ndani ya chumba itakakoishi. Ipange bapa, vipande vya fito katikati kila nusu mita hewa ipite, wiki mbili au tatu kama ilishakauka nje, ukiwa na madirisha yako ya kawaida, kisha ndipo upige randa kwa mara ya mwisho. Ikikatwa kona kabla haijamaliza kusinyaa, kona lazima iachane.

La pili ni hizo digrii 45. Kona ya ukuta wako si digrii 90, mwalimu. Hata yangu si 90. Na kama skatingi yako ni ya kisasa, yaani ubao mnyoofu usio na mapindo juu, huna haja ya digrii 45 kwenye kona za ndani hata kidogo: ubao wa kwanza uende mpaka ukutani, wa pili uje uugonge kifua. Ikisinyaa, inasinyaa nyuma isikoonekana. Hii ndiyo faida kubwa ya ubao mnyoofu na siisikii ikisemwa. Skatingi za zamani zenye mawimbi juu zilitaka fundi achonge ncha ya ubao mmoja ufuate mawimbi ya mwenzake, kazi ya nusu saa kila kona. Nilitumia mwaka mzima Keko kujifunza hilo. Digrii 45 ibaki kwa kona za nje tu, na hapo pima kona yenyewe: shikiza vipande viwili vya fito kwa msumari mmoja, uvifungue mpaka vilale kwenye kuta zote mbili, uchore pembe hiyo kwenye ubao, uigawe katikati.

La tatu, ule weupe. Kiini cha mtiki ni kile cha kahawia, hakiliwi ovyo. Weupe wa nje ni chakula. Mtiki wa kupandwa unaovunwa ukiwa mdogo una weupe mwingi, na muuzaji hatakutenganishia. Vipande vyenye vumbi ving'oe leo, usivipake dawa ukajidanganya. Vingine, ukibandika kwa gundi, futa kwanza mgongo wa ubao kwa thina, maana mtiki una mafuta na gundi huteleza. Na uweke skrubu na plagi za ukutani kila sentimita 60, usiiachie gundi peke yake.

Kwa kuwa sakafu yako ni saruji na hupigi deki kwa ndoo (natumaini), mtiki wako utakaa.

SWALI: Fundi mambo? Nimepanga Dodoma, nataka kuweka zile mbao za mistari mistari nyuma ya TV, na mikanda ya povu ya kubandika ukutani itengeneze maboksi kama hotelini. Nianzie wapi? – Kijana wa Area C

JIBU: Poa, mwanangu. Anzia kwa mwenye nyumba. Mikanda ya povu inabandikwa kwa gundi inayoshika rangi, na siku ya kuhama itaondoka na rangi na skimu (lile tabaka laini chini ya rangi), na amana yako itafuata. Ukikubaliwa, chagua kimoja. Mistari nyuma ya TV au maboksi, siyo vyote kwenye ukuta wa mita tatu. Hiyo mistari ifunge kwenye fito mbili zilizoshikwa na skrubu nne tu, utaziba matundu manne ukihama na kuondoka na mbao zako. Waya za TV zipitishe nyuma yake kabla hujafunga, wengi hukumbuka baadaye.

SWALI: Assalaam alaykum Fundi. Nipo Muscat, najenga kwetu Pemba, nyumba nyeupe ya mistari iliyonyooka. Marehemu babu aliacha mlango wa nakshi, mbawa mbili, mzima kabisa. Mchoraji wa ramani anasema mlango huo utaharibu sura ya nyumba. Ndugu zangu wanasema niweke na nakshi za jipsamu ndani ili vifanane. Nimekwama. – Mpemba wa Muscat

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Uweke mlango, ndugu yangu, na usiweke kingine cha kufanana nao.

Uutazame vizuri siku utakapokwenda. Ule mti wa katikati, mfaa, umepigiliwa kwenye ubawa mmoja na kufunika mwanya mahali mbawa mbili zinapokutana. Nakshi zake zinakuja baadaye. Kwanza unaziba upepo, mvua na macho ya wapita njia. Miimo na kizingiti navyo vivyo hivyo, vinaufunga mlango na ukuta mnene wa mawe. Babu zetu hawakuchonga mahali pasipo na kazi. Nakshi za jipsamu zinabandikwa mahali pasipo na kitu cha kuziba, na mtu anahisi hivyo hata kama hawezi kusema kwa nini.

Mlango mmoja wa nakshi kwenye ukuta mweupe mtupu, hakuna kitakachoshindana nao. Ndani ukitaka kitu cha kwetu, weka zidaka, vile vishubaka vya ndani ya ukuta. Nyumba za zamani za Lamu zina kuta nzima za zidaka, na kona zake zimegeuzwa kwa chokaa yenyewe, bila ubao wa kuzizungushia. Moja au mbili barazani, zimepangwa kabla ya tofali kujengwa, zina utulivu kuliko picha yoyote ya mchoraji wako.

Mlango wenyewe sasa. Ulizoea ukuta wa mawe wa nusu mita, leo unauleta kwenye tofali la inchi 6. Fremu yake ni pana kuliko ukuta wako, itachomoza. Usikubali fundi aikate. Jenga nguzo mbili nene za kando ya mlango tu, za upana wa fremu, ukuta mwingine uendelee na wembamba wake. Na uupe kibaraza juu, kwa sababu nyumba ya mistari iliyonyooka kwa kawaida haina, na mvua ya Pemba unaijua.

Kwa kuwa unajenga kwa simu, picha za mchana zinazotumwa hazikuambii kitu. Mwambie ndugu yako aende usiku, alaze tochi ukutani kama nilivyomweleza mama wa Kigamboni hapo juu, ndipo apige. Fundi akikataa picha za usiku, umeshajibiwa.

SAHIHISHO: Toleo lililopita niliandika kwamba ubao wa MDF wa milimita 2440 kwa 1220 unatoa vipande 15 vya skatingi ya sentimita 8. Msomaji wa Arusha, mwenye karakana yake, ameniandikia kwa upole mwingi kuniuliza msumeno wangu unakula milimita ngapi. Unakula 3. Vipande 15 vyenye mikato 14 vinataka milimita 1242, na ubao una 1220. Kwa hiyo ni vipande 14, mita 34 na ushee, na ukanda mwembamba unaobaki utumie kwa kitu kingine. Nilihesabu kama muuza duka. Aliyeshanunua kwa hesabu yangu na ana vyumba vinne au zaidi, aongeze ubao mmoja kabla bei haijapanda.